Mama Sonia na Taa Nyekundu ya Pijo

Ukifika Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ukamuulizia Mama Sonia, utaulizwa kwanza: yule wa vitambaa, au yule anayeshuka vilima kwa miguu? Usihangaike kuchagua, ni mtu mmoja. Jina lake ni Nabintu. Anafuma vitambaa vya kroshia ambavyo ungevitandika hata mbele ya askofu usione haya, na kwa habari ya magari ni mwoga kuliko kifaranga aliyeona kivuli cha mwewe.

Kila palipo na harusi utaiona Pijo 504 ya mumewe, nyeupe, ya zamani, imefika ukingoni mwa mteremko na kusimama. Mlango unafunguliwa. Nabintu anashuka na mkoba wake, anaufunga mlango taratibu kana kwamba amemwacha mtoto amelala ndani, kisha anatembea. Gari linatangulia hadi chini na kumngoja. Bwana harusi anangoja, bibi harusi anangoja na poda yake inayeyuka, waimbaji wanangoja. Nabintu hana haraka na mtu. Akifika chini anapanda tena, anasema "Mungu ni mwema," na safari inaendelea. Vijana wa boda boda humwita Mama Freni, yaani Mama Breki. Yeye huwapungia mkono tu.

Lakini sitaki mtu amcheke kabla hajajua habari yake, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nabintu alizaliwa Nyangezi, Kivu ya Kusini, karibu na pale barabara inapoanza kuporomoka mteremko wa Ngomo kuelekea bondeni. Alikuwa na kaka aitwaye Ushindi, mtu wa kuchekesha, aliyeweza kumwigiza mchungaji akihubiri hadi mchungaji mwenyewe akaomba aigizwe tena. Ushindi alipanda lori la mihogo asubuhi moja, likakatika breki katikati ya mteremko. Dereva alinusurika. Wakati wa matanga alikuja kuomba msamaha, na katika kulia kwake akasema kwamba taa nyekundu ya breki ilikuwa ikiwaka tangu walipoondoka, ila yeye alidhani ni taa tu.

Alidhani ni taa tu. Maneno hayo Nabintu aliyabeba. Aliyabeba hadi Bukavu alikoolewa, akakimbia nayo vita, akavuka nayo mipaka, akafika nayo Nakivale pamoja na sufuria na binti yake Sonia mgongoni. Vitu vingi vilipotea njiani, lakini hayo hayakupotea.

Na aliolewa na nani? Na dereva, bila shaka. Mungu naye ana utani wake. Byamungu alikuwa dereva wa teksi Bukavu, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa akisalimiana hadi na mbuzi wa watu. Walipofika Nakivale maneno yakamwisha. Alilima kipande chao cha mahindi na maharage, alikula alichopewa, akaketi mlangoni akiitazama barabara. Ukimsalimu, alijibu. Usipomsalimu, alinyamaza hadi jioni. Nabintu akawa anazungumza kwa ajili ya wawili, akiuliza na kujijibu, ili mtoto asikue akidhani baba yake ni bubu. Hali hiyo ilidumu misimu mingi. Nabintu alijaribu maombi, alijaribu supu ya kongoro, alijaribu hata kugombana. Hakuna kilichosaidia.

Hadi siku Byamungu alipokwenda Mbarara kutafuta jembe, akapita kwenye gereji ya fundi mmoja aitwaye Kabanda, akaiona Pijo 504 imesimama nyuma kati ya magari yaliyokufa. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Alirudi nyumbani bila jembe. Alianza kuongea akiwa bado nje ya ua, akaongea wakati wa kunawa, akaongea hadi ugali ukapoa. Alieleza injini yake, akaeleza mlango wake unavyojifunga kwa heshima, akaeleza na mayai. Nabintu alimsikiliza akilengwalengwa na machozi, kwa kuwa sauti ile alikuwa ameikosa kuliko nyumba waliyoiacha Bukavu. Ndipo maneno yenyewe yakamwingia kichwani: mwanamume huyu anataka kununua gari. Alifurahi na kukasirika kwa pamoja, na kama hujawahi kupatwa na hali hiyo, bado hujaoa wala kuolewa.

Hakumkatalia. Angemkataliaje? Lakini siku gari lilipoingia uani, baada ya mavuno ya kujinyima na miezi ya matengenezo, Nabintu alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Papa Sonia, utaniapia," alisema.

"Niape nini?"

"Kwa jina ya Ushindi. Siku taa ya freni itawaka na usijue sababu yake, hii gari inauzwa. Bila maneno mingi."

Byamungu alivua kofia. Alimpenda Ushindi tangu siku za uchumba, na yeye ndiye aliyebeba jeneza lake upande wa mbele. "Kwa jina ya Ushindi," alisema, "taa ikiwaka na nikose sababu, ninauza."

Tangu hapo Pijo ikawa kama mkwe wa nyumba ile. Inabeba maharusi kutoka kanisani hadi uwanja wa sherehe, inabeba mama wajawazito wanaoshikwa na uchungu, inabeba maiti pia, kwa heshima na polepole. Byamungu huiosha kabla hajaosha uso. Nabintu, kwa upande wake, aliamua kwamba kama hawezi kuipenda basi ataivisha. Alifuma vitambaa vyeupe vya viti vyote, maana gauni la bibi harusi haliwezi kukalishwa juu ya ngozi ya kiti iliyopasuka. Akafuma cha dashibodi. Akafuma vishada vya kuning'inia madirishani. Na juzijuzi, akiwa na uzi uliobaki, akaona kati ya viti viwili vya mbele kuna mkono wa chuma uliokaa tu, mweusi, umechubuka, unaharibu uzuri wa kazi yake. Hajawahi kumwona Byamungu akiugusa. Akaufumia soksi yake, ndefu, yenye maua, na kwenye ncha akaweka kamba mbili za uzi za kufungia kwenye migongo ya viti ili soksi isichomoke.

Yeye aliyekaa kwenye gari lile miaka yote hiyo hakujua chuma kile ni cha nini, na msimlaumu. Nakivale, gari likisimama mahali penye mwinuko, abiria anaruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kila dereva ana jiwe lake. Byamungu ana jiwe zuri la pembe tatu analoliweka kwenye buti pamoja na jeki. Mtoto wa Nakivale ukimwambia afunge gari lisiteleze, hatakwenda ndani, atakwenda kutafuta jiwe.

Jumatatu moja Nabintu alivua vitambaa vyote, akavifua, akavianika kwenye jua kali. Jumanne asubuhi akavirudisha. Vilikuwa vimekaza kidogo, kama pamba inavyofanya ikifuliwa kwa mara ya kwanza, akavivuta kwa nguvu hadi vikakaa. Zile kamba mbili zilimsumbua zaidi. Ilibidi apige goti juu ya kiti ndipo zifike zinapofungwa. Akatazama kazi yake akaridhika.

Byamungu aliingia, akawasha gari, na taa nyekundu ya breki ikawaka.

Kwa kawaida taa ile huwaka kidogo ufunguo unapozungushwa, kisha huzima. Siku hiyo haikuzima. Nabintu alikuwa kwenye dirisha la gari, akaiona. Hakupiga kelele, wala hakusema "nilikuambia", na mwanamke wa kawaida angesema. Alisema tu, "Papa Sonia, inawaka."

"Ninaona," alisema Byamungu.

Akafungua boneti. Akakagua kikopo cha mafuta ya breki, kimejaa. Akakifuta kifuniko chake, akakifunga tena, taa inawaka. Akalala chini ya gari akafuata mabomba yote kwa kidole, akitafuta unyevu, hakuna. Siku iliyofuata akafungua magurudumu yote, moja baada ya jingine, akatazama pedi, akapuliza vumbi, akarudisha. Akakanyaga breki mara nyingi, zimeshika imara. Taa inawaka. Nabintu alimletea uji, akasimama karibu, akauliza kila saa, "Umepata?" naye akajibu, "Bado." Alijibu kwa upole usio wa kawaida, kama mtu anayejibu mgonjwa. Jioni yake Byamungu alinawa mikono, akaketi mlangoni akitazama barabara, wala hakusema neno hadi wakati wa kula. Nabintu alikiona kiti kile na mkao ule, na moyo ukamshuka.

"Tuipeleke kwa Kabanda," alisema Byamungu alipomaliza kula. "Yeye naye akikosa sababu, nitamuachia. Ananiombaka hii gari tangu zamani."

"Nitaenda na weye," alisema Nabintu.

Safari hiyo ya Mbarara ingekufanya ucheke na kulia. Taa ikiwa inawaka mbele yao kama jicho la mtu mwenye chuki, Nabintu alishuka kwenye kila mteremko, hata miteremko ambayo baiskeli isingeitambua. Walipofika Masha alikuwa amechafuka vumbi hadi kwenye nyusi, na ng'ombe wenye mapembe marefu waliokuwa wakivuka barabara walimtazama kwa huruma. Byamungu hakumharakisha hata mara moja. Kila mara alimngojea chini, akamfungulia mlango kutoka ndani, akamsikiliza akisema Mungu ni mwema.

Kabanda ni Mganda aliyelowea Mbarara, mnene, mchangamfu, mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake. Aliipokea Pijo kwa mikono miwili.

"Mzee! Karibu sana! Leo umeleta na mama. Nyabo, kaa hapa, kiti iko." Akamletea Nabintu kiti cha plastiki na chai, kisha akaingiza kichwa dirishani. "Ee, taa ya breki. Mzee, hii gari ni ya zamani, hii taa yake inasema kitu mbili tu. Mafuta ya breki iko chini, ama hendibreki iko juu. Basi."

Alianza na mafuta. Kikopo kimejaa. Akachomoa waya wa kifuniko, ule unaopeleka habari ya mafuta kwenye taa, akatazama ndani. Taa inawaka vilevile.

"Umeona? Si mafuta. Sasa tuangalie hendibreki."

Akafungua mlango wa dereva, mkono ukienda kati ya viti. Byamungu akamshika kiwiko.

"Hapana pale," alisema. "Ile ni kitambaa ya mama. Usiipake grisi."

"Nitanawa mikono."

"Ndugu, hendibreki nani anatumiaka kule kwetu? Miye ninawekaka jiwe. Labda waya imegusana fasi fulani, huko ndani ya dashibodi."

Kabanda alimtazama. Ilimjia pengine kwamba mteja mwenye gari zuri hivi anayetaka kuamini kwamba ni waya, si kazi ya mtu anayelitamani gari hilo kumwamsha. Nisimseme vibaya, Kabanda ni mtu mwema. Lakini hata mtu mwema ana tamaa yake ndogo. "Waya," alisema hatimaye. "Inaweza kuwa waya. Lakini waya ya gari mzee, kuitafuta ni kufungua yote. Hata mimi naweza kukosa."

"Basi sababu haijulikane," alisema Byamungu. "Kuya tuongee."

Wakaenda pembeni, chini ya banda la mabati, kando ya rundo la matairi. Jua lilikuwa limehamia kwenye kiti cha plastiki. Nabintu akainuka na kikombe chake, akaenda kukaa ndani ya gari, kiti cha mbele, amalizie chai kwenye kivuli. Byamungu alikuwa ameuacha ufunguo umewashwa nusu, na taa ilikuwa ikimtazama. Mkoba wake ulikuwa mzito: Biblia, chupa ya maji, karanga, mkasi na kroshia yake. Akautua katikati ya viti, juu ya ile soksi yenye maua.

Taa ikazima.

Nabintu aliutazama mkoba. Akauinua mkoba, taa ikawaka. Akautua, ikazima. Akauweka mapajani, akashika ile soksi kwa kiganja, akaikandamiza chini. Ikazima. Akaachia. Kamba zake mbili, alizozifunga kwa kupiga goti, zikauvuta mkono wa chuma juu kidogo, kidogo sana, kiasi cha kidole. Ikawaka. Hendibreki iko juu, alisema Kabanda. Kumbe hendibreki ndiyo hii.

Akaelewa yote kwa mkupuo: uzi, maji, jua, pamba iliyojikunja. Gari ni zima. Taa ilikuwa ikisema kweli yake, na aliyeiwasha ni yeye.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo Nabintu alipojaribiwa. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa kicheko. Lilikuwa sauti ndogo iliyomwambia, nyamaza. Nyamaza tu, Nabintu. Hujaongopa, hujaiba. Ondoa mkono wako hapo. Wao wanaongea chini ya banda, wakimaliza utapanda basi urudi nyumbani, na tangu leo hutaamka asubuhi ya harusi ukiwa na jiwe tumboni. Hutasikia gari likichelewa ukaanza kuhesabu nani wa kukuletea habari. Hutamzika mtu mwingine kwa ajili ya mteremko. Alikuwa amechoka. Watu waliona kituko cha mama anayetembea kando ya gari lake mwenyewe. Hakuna aliyejua ni uchovu wa namna gani kumpenda dereva.

Akamtazama mumewe kupitia kioo. Kabanda alikuwa akizungumza kwa mikono yote. Byamungu alikuwa akiitikia kwa kichwa. Anaitikia tu. Kabanda akauliza jambo, Byamungu akaitikia. Kabanda akasema kichekesho, akacheka mwenyewe hadi tumbo likatikisika, na Byamungu akaitikia.

Nabintu alimjua mtu yule. Ni yule wa mlangoni. Alikuwa ameshaanza kurudi, akiwa bado amesimama gerejini, hata gari halijatoka mikononi mwake.

Akafungua mlango.

"Papa Sonia! Kuya hapa. Na weye fundi, kuya."

Walikuja. Nabintu alikuwa amesimama kando ya mlango uliofunguliwa, na uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. Mficha uchi hazai, akajiambia, akainama ndani.

"Taa ni miye niliwasha," alisema. "Angalia." Akaikandamiza soksi, taa ikazima. Akaachia, ikawaka. "Ni kamba yangu. Nilifua kitambaa, kikakaza, kikavuta hii chuma. Hakuna kitu ingine. Gari ni muzima."

Kabanda alipiga makofi, akajishika mbavu. "Ayi, nyabo! Nyabo! Umefunga hendibreki na uzi! Miaka yote ya ufundi sijaona hiyo!" Alicheka hadi akaketi juu ya tairi.

Byamungu hakucheka. Wala hakushangaa, na hilo ndilo lililomshtua Nabintu. Mumewe akishangaa, nyusi zake hupanda hadi kwenye kofia. Anashangaa hata akikuta chumvi imezidi. Sasa nyusi zilikuwa zimetulia mahali pake. Alikuwa akimtazama mkewe tu.

"Ulijua," alisema Nabintu.

Byamungu alivua kofia, akaivaa tena.

"Ulijua! Tangu lini?"

"Siku ile ya kwanza. Nilikaa tu nikaona kamba."

"Na ukafungua magurudumu yote? Ukalala chini ya gari siku mbili, miye ninakuletea uji?"

"Nilitaka kuhakikisha hakuna ingine. Taa ya freni hapana ya kuchezea, weye unajua."

"Na juu ya nini haukusema?"

Byamungu alimtupia Kabanda jicho, na Kabanda, ambaye si mjinga, akakumbuka ghafla kwamba ana spana anayoitafuta upande wa pili wa yadi.

"Nilifikiri ulifanya makusudi," alisema Byamungu.

"Miye?"

"Nilifikiri umechoka. Niliona ile uzi imefungwa na nguvu, nikasema, Nabintu ameogopa mpaka maneno imemuishia, sasa anaongea na uzi. Haiko vibaya. Mutu mwenye amefika fasi ile, hapana kumuuliza. Nikasema basi, gari iende, mama abakie na amani."

Nabintu alitaka kumkaripia. Lakini huyu mtu alikuwa ameitoa sauti yake, akaifunga kwenye karatasi, akaileta Mbarara kuikabidhi kwa mwingine, naye njia nzima anamfungulia mlango kila mteremko. Na mbaya zaidi, hakuwa amekosea sana.

"Sikufanya makusudi," alisema. "Haki ya Mungu, ni maji na jua. Lakini sasa hivi, ndani ya gari, nilipojua, nilitaka kunyamaza. Nilitaka uuze nirudie nyumbani nilale. Usinifanye mutu mwema, Papa Sonia. Ilibakia kidogo."

"Najua. Nilikuwa ninakuona pale. Unaweka mukoba, unatoa, unaweka tena." Kwa mara ya kwanza siku hizo nyusi zake zilipanda kidogo. "Kabanda ananiuliza mambo, sikusikia hata moja."

"Na uliapa kwa jina ya Ushindi! Uliapa utauza ukikosa sababu. Sababu ulikuwa nayo. Umemudanganya marehemu!"

"Nilimudanganya, ndiyo. Lakini nilidanganya kwa hasara yangu. Ushindi njo mwenye angecheka wa kwanza."

Ilikuwa kweli. Angecheka, angewaigiza wote wawili, na fundi, na taa yenyewe. Nabintu alijikuta analia na kucheka pale kando ya Pijo, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la Masha, na Byamungu akampa leso yake iliyonuka petroli. Ningekuwa mimi ningemkumbatia, lakini Byamungu ni mtu wa Bukavu wa zamani, mbele za watu alimshika bega tu.

Kabanda akarudi bila spana. "Kwa hiyo, mzee," alisema, "mimi sina gari?"

"Muulize mama," alisema Byamungu. "Kiapo ni yake. Ni miye niliapa, lakini yeye njo aliniapisha."

Kabanda akamgeukia Nabintu, na kwa mara ya kwanza hakuwa akicheka. Byamungu naye alikuwa akiitazama gereji, akijitahidi asimtazame mkewe ili asimwombe kwa macho. Nabintu alichukua mkasi mkobani. Kwa mtu asiyefuma huo ni mkasi tu, lakini mfumaji akiikata kazi yake mwenyewe huwa kama anajikata nyama ya mwili wake. Akaingiza kichwa ndani, akazikata kamba zote mbili, moja upande wake, moja upande wa dereva. Mkono wa chuma ukashuka. Taa ikazima, na haikuwaka tena.

"Gari haiuzwe," alisema. "Na kile kiapo, Papa Sonia, nimekufungulia. Ushindi ni kaka yangu, ninaweza kukufungulia."

Byamungu aliitazama taa iliyozimika, akamtazama yeye. "Na woga?" aliuliza. "Haukuzimika na taa."

"Haukuzimika. Uko, na kesho utakuwako." Nabintu alijipangusa uso, akarudisha mkasi mkobani. "Lakini ni woga yangu. Nilikuwa ninakulipisha weye tangu siku ulinunua hii gari, na weye unalipa tu, haunung'unike. Sasa imetosha."

Byamungu alifungua mdomo. Yakatoka maneno, mengi, ya haraka, yasiyo na mpangilio: kwamba angefunga kamba nyingine kwa namna tofauti, kwamba ile soksi ilikuwa nzuri asiitupe, kwamba Kabanda awatafutie pedi mpya hata kama za zamani bado nzima, kwamba kuna harusi ya Waburundi wiki ijayo na bibi harusi ni mrefu, kiti kirudishwe nyuma. Aliongea akizunguka gari, akaongea akifunga boneti, akaongea na Kabanda, akaongea na tairi. Nabintu alipanda, akafunga mlango, akamsikiliza.